Wembe na Kistari

Kwetu Ujiji, waliotembea na wembe mfukoni walikuwa wa aina mbili: vibaka na Mwalimu. Vibaka walichana mifuko ya watu sokoni. Mwalimu alikwangua vistari. Ukiniuliza nani kati yao aliwaumiza watu zaidi, nitakujibu bila kufikiri, na sitawataja vibaka.

Alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari yetu na tena jirani yetu, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia. Niliyemkwepa darasani nilikutana naye bombani jioni, ameshika ndoo, akiniuliza wingi wa neno hili na lile. Walimu wengine walikuwa na majina. Yeye alikuwa Mwalimu tu, na mji mzima ulijua anayesemwa ni nani.

Wembe aliufunga kwenye karatasi ya majani ya chai, akauweka mfuko wa shati pamoja na kalamu nyeusi ya maka. Kalamu ilikuwa ya kuongeza, wembe wa kuondoa. Ugomvi wake na dunia ulikuwa mmoja, nao ni heri niueleze mapema. Kiingereza kina vitenzi vya maneno mawili, kama "check in", "switch off" na "send off". Yakiwa ni tendo, maneno hayo huandikwa mbalimbali, hayaungwi. Yakigeuka kuwa jina la kitu, hupigiwa kistari katikati: "check-in", "send-off". Basi, ni hilo tu. Walimu wenzake walilifundisha kipindi kimoja wakapita. Yeye alilifanya dini, na dini yake haikuwa na toba.

Darasani alitufundisha kwa kutumia miili yetu. Binti yake alikuwa dawati moja na mimi, tukaitwa mbele wote wawili. Mimi akanipa neno "check", binti yake akampa "in".

"Mkiwa kazini mnaachana," alisema. "Kila mtu na jembe lake. Tembeeni."

Tukatembea, mimi kuelekea dirishani, mwenzangu mlangoni.

"Sasa kazi imekwisha, mmekuwa kitu. Shikaneni mikono. Hiyo mikono ndiyo kistari."

Tukashikana mikono, darasa likacheka, na tangu siku hiyo tukaitwa Cheki na Ini. Sisi wenyewe tunaitana hivyo hadi leo. Mwenye Kiswahili chake anajua kwamba ini ndilo linalokatwa mtu anaposimangwa, na jina hilo lilimfaa mwenzangu kuliko tulivyojua siku ile.

Nyumbani kwao Ini hakuruhusiwa kumwita baba. Alijaribu siku moja, tuko barazani tunachambua dagaa, akasema, "Baba, nisaidie hapa." Mwalimu hakuinua hata macho. "Baba hasahihishi madaftari," alimjibu. "Anayesahihisha ni Mwalimu, na madaftari bado yapo mezani." Madaftari hayakuisha mezani miaka yote niliyoijua nyumba ile. Likizo ilipofika alifundisha watoto wa mtaa bure hapohapo barazani, na hakuna aliyeondoka bila ugali na samaki, migebuka ya mawese. Mtoto wa mvuvi aliyeshindwa kabisa alisubiriwa, akaelekezwa tena na tena kwa sauti ya upole. Ini akikosea mara moja, daftari lilirushwa uani. Mama yake ndiye aliyekwenda kuliokota, akalikung'uta kwa upande wa kanga, akalirudisha mezani bila neno.

"Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe." Methali hiyo alikuwa nayo mdomoni kila siku, kwa Kiswahili, maana ajabu nyingine ya mtu huyu ni kwamba Kiingereza chenyewe alikuwa hakiongei. Nilimwona kwa macho yangu bandarini, Wazungu wawili waliokuwa wakitafuta boti ya kwenda kutazama sokwe wakamuuliza njia. Mwalimu akavua kofia, akawajibu kwa Kiswahili fasaha, taratibu, akiwaonyesha kwa mkono. Wakashukuru wakaenda. Nilipomtazama akaniambia, "Kuongea ni upepo. Mimi nashughulika na kilichoandikwa." Nikadhani ni busara. Siku hizi nadhani alikuwa anaogopa. Angeongea angekosea kama sisi wote, na kosa la mdomo hulikwangui.

Jumamosi alitoka Ujiji kwa miguu hadi Kigoma mjini akisoma mabango. Aliyasoma yote, ya maduka, gereji, zahanati na saluni. Mlangoni pa kanisa lake paliandikwa waumini wazime simu, PLEASE SWITCH-OFF YOUR PHONE, na mzee wa kanisa alipofika asubuhi ya Jumapili akakuta kistari kimekwanguliwa hadi rangi ya ubao inaonekana. Alipoulizwa hakukana. Alisema, "Kuzima ni tendo, ndugu yangu. Hata Mungu anajua."

Kulikuwa na mama lishe mmoja mtaa wa Mwanga, jirani na soko, aliyejipinda akachoresha kibao kizuri cha TAKE AWAY. Mwalimu akasimama hapo na kalamu yake, wateja wakiwa mezani, akachomeka kistari katikati ya maneno mawili.

"Mwalimu," yule mama akamwambia, mwiko mkononi, "hicho kistari chako kitaongeza wali kwenye sahani?"

"Kitaongeza heshima."

"Heshima mimi nilikuwa nayo kabla hujaja. Umeniharibia rangi ya watu."

Watu wakacheka, na Mwalimu naye akacheka kidogo, maana matusi ya wakubwa hayakumuuma. Alilipa chai yake, akaaga kwa adabu, akaendelea na bango la mbele. Baadaye alikuja pale shuleni mwalimu kijana kutoka chuoni, akamwonyesha kamusi mpya ambayo baadhi ya maneno yake, "takeaway" likiwemo, yameunganishwa kabisa bila kistari chochote. Mwalimu akaitazama ile kamusi muda mrefu. Kisha akasema lugha ya watu imeachwa bila mzee, akatoka nje. Lakini kwa yule mama lishe hakurudi kuomba radhi. Kistari kipo hadi kesho, rangi imepauka, chenyewe bado cheusi.

Nisimnyime haki yake. Kazi ninayokula nayo, mapokezi ya hoteli moja huku mtaa wa Bangwe, niliipata kwa sababu yake. Waliotahiniwa tulikuwa wengi, na swali la kuandika tangazo kwa Kiingereza lilitupa nje karibu wote. Mimi nilijua mahali pa kuweka kistari na mahali pa kukiacha. Nilipompelekea habari, Mwalimu alinipa mkono wa pongezi kwa mikono yake miwili. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni anatutazama. Hakuwahi kushikwa mkono namna ile, na aliniambia hivyo tulipokuwa wawili, bila wivu, kama mtu anayesema leo maji yamekatika.

Sasa nifike kwenye sherehe ya send-off.

Asiyeijua ni hivi: kabla ya harusi, upande wa bibi harusi hufanya sherehe ya kumuaga binti yao, na ni siku ya wazazi kujivuna. Ini alichumbiwa na kijana wa Kasulu, ukumbi ukachukuliwa Mwanga, kamati ikahangaika. Kitambaa cha nyuma ya meza kuu alikipanga Ini mwenyewe. Cha waridi, chenye maneno ya fedha: WELCOME TO MY SEND OFF. Nilikiona kinatundikwa. Ilikuwa siku yake, na mimi nilikuwa mpambe wake, sikwenda pale kusahihisha.

Mshereheshaji akamwita baba wa bibi harusi atoe wosia. Mwalimu akainuka na koti lake la Pasaka, akapokea maiki, akawatazama wageni. Halafu akageuka nyuma. Niliuona mkono wake ukiingia mfuko wa shati, nikamshika Ini kidole chini ya meza.

"Kabla ya wosia pana jambo," alisema. "Hapa pameandikwa 'send off' bila kistari. Hicho ni kitenzi. Ndilo neno la refa anapomtoa mchezaji nje ya uwanja. Kwa maandishi haya, mwanangu hasindikizwi. Anafukuzwa."

Akaenda nyuma ya kiti cha binti yake, akachora kistari kinene cheusi kwenye kitambaa cha waridi. Ukumbi ukacheka. Mshereheshaji, ambaye kazi yake ilikuwa kutuokoa, akadakia kwenye spika, "Kadi nyekundu hiyo, mabibi na mabwana." Wakacheka zaidi. Kwenye meza ya wakwe hakucheka mtu. Shangazi wa bwana harusi akamgeukia jirani yake akasema, wala hakunong'ona, "Yewe, kumbe tunapewa waliyemfukuza kwao."

Wosia ulifuata, na ulikuwa mzuri. Aliwaambia wasilale na hasira, na mke asihesabiwe hata chumvi anayotumia. Hakuna aliyeusikia. Ini alikuwa anatazama keki na machozi yanashuka juu ya unga wa uso, na wapiga picha walidhani ni furaha, wakamsogelea.

Wakwe waliondoka na neno. Chakula kikiungua Kasulu, jikoni Ini anaitwa Kadi Nyekundu. Mimba ilipochelewa, Kadi Nyekundu. Na siku mumewe alipoamua kumwacha alimwambia, "Baba yako alinionya mbele ya watu, ni mimi sikusikia." Sisemi ndoa ilivunjwa na kistari. Ndoa ina mambo yake. Nasema mwanamume aliyekuwa anatafuta neno la kumtupia mkewe alilikuta limeshachongwa, tena na baba mzazi. Ini hakurudi Ujiji. Alichukua begi akaenda Dodoma, akapata kazi, na simu ya baba yake akawa haipokei.

Nilimuuliza Mwalimu. Nilimfuata barazani nikamuuliza waziwazi, kwa nini. Nilitegemea ajute au anifukuze. Yeye alishangaa.

"Picha zitakaa miaka yote," alisema. "Ungetaka nimwache mwanangu na kosa nyuma ya kichwa chake?"

Niliona anasema kweli yake. Kwake ule ulikuwa upendo. Na picha ninazo: Ini ameinamisha uso, na nyuma ya kichwa chake, mahali ambapo ua lingekaa, kuna mstari mweusi.

Mama yake Ini alipofariki, binti alikuja. Alikuja na gari la asubuhi, akakaa na sisi wanawake chumbani, akaimba, akalia. Baba yake hakumsogelea. Makaburini fundi alileta msalaba wa mbao umeandikwa jina la mama, na chini yake PASSED-AWAY na tarehe. Niliusoma kabla ya Mwalimu, nikaomba Mungu amzibe macho. Hakumziba. Yule mzee alitoa wembe wake mbele ya mchungaji, mbele ya sanduku, akapiga goti, akaanza kukwangua. Wembe ukamkata kidole, damu ikaingia kwenye herufi. Alikuwa anasema peke yake, "Ni kitenzi. Ameondoka mwenyewe, ni kitenzi." Waliokuwa mbali walidhani anaomba. Mimi niliona mgane ambaye hakufundishwa kulia kwa njia nyingine, na moyo uliniuma kwa ajili yake, nakiri. Ini aliona kitu kingine. Alitupa udongo wake, akanipa mkono, akaondoka kabla ya chakula.

Miaka ikapita hivyo. Mwalimu alistaafu. Mabango yakazidi kuwa mengi na yeye akazidi kuwa polepole, na nilisikia Jumamosi hafiki tena mjini, anaishia Ujiji hukohuko. Bosi wangu akakarabati mapokezi, akabandika ukutani nyuma yangu herufi nyekundu za stika: PLEASE CHECK-IN HERE. Nilimwambia kistari hakitakiwi hapo, akasema wageni wanaelewa, mshahara unatoka kwa wageni. Nikarudi kwenye kazi yangu.

Ndipo Ini akaja. Kazini kwao walikuwa na semina Kigoma, wakawawekea vyumba kwetu. Mtoto wa Ujiji analala hoteli Bangwe, na kwao ni bajaji moja tu. Aliingia na begi lake la magurudumu, tukakumbatiana, tukaitana Cheki na Ini mpaka mlinzi akachungulia. Kisha akainua macho ukutani. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukumbini.

"Naona Mwalimu hajafika hapa," alisema.

Mji wetu hauna siri. Siku ya mwisho ya semina, Ini na wenzake wakiwa wameshaondoka, Mwalimu akaingia mlangoni. Amevaa lile koti la Pasaka, limekuwa kubwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kama mtoto wake yupo. Nikamwambia yuko semina, nikashika simu nimpigie.

"Usimpigie," akasema. "Atakuja amekasirika. Acha anikute tu."

Akakaa kwenye kiti cha wageni kinachotazama meza yangu. Na hapo ndipo alipokiona. Niliyafuata macho yake yakipanda juu ya kichwa changu, yakasoma, yakasimama. Mkono ukaenda mfuko wa shati wenyewe. Stika ile hata wembe haikuhitaji, ungeibandua kwa ukucha. Nikasogea pembeni kumpisha, kwa mazoea.

Akautoa mkono mfukoni ukiwa mtupu, akauweka juu ya goti, na mwingine akaulaza juu yake kuushikilia.

Alikaa hivyo mchana kutwa. Nilimletea chai, akanywa. Hakuniuliza wingi wa neno lolote. Mara kwa mara macho yalipanda ukutani, yakashuka haraka. Jua lilipoanza kuelekea Kongo, ng'ambo ya ziwa, akainuka, kwa sababu jioni haoni vizuri njiani.

"Mwambie baba yake alikuja," alisema. Sikuwahi kumsikia akijiita hivyo. "Kesho asubuhi niko nyumbani, mlango utakuwa wazi. Na mwambie nilikaa hapa na sikugusa kitu."

Ini alirudi giza halijaingia vizuri. Sikumngoja hata aweke mkoba.

"Baba yako alikuja."

Alisimama. Niliona uso wake ukilegea, ukawa kidogo ule wa dawatini, na kwa muda mfupi nilidhani tumepona. Kisha akatazama ukutani.

"Hakuja," alisema.

"Ini, amekaa kiti kile pale. Amekunywa chai yangu. Amesema kesho mlango utakuwa wazi, na nikwambie hakugusa kitu."

"Mtu aliyekwangua msalaba wa mama yangu ashindwe na stika?" Alizunguka meza, akakipachika ukucha kile kistari, ncha ikainuka, akaibandika tena kwa kidole. "Cheki, wewe una huruma, najua. Umemwonea huruma mzee, unanitungia. Usifanye hivyo tena."

Nikaapa kwa marehemu mama yangu. Mlinzi angenisaidia, lakini zamu ilikuwa imebadilika. Nikamwambia aende Ujiji akajionee mwenyewe, akaniambia alishakwenda Ujiji mara nyingi sana maishani mwake akitarajia kumkuta baba, na kila mara alimkuta Mwalimu. Asubuhi gari la uwanja wa ndege lilikuja. Alinikumbatia akaondoka.

Simu ya mapokezi ililia jua limeshapanda. Nilimjua kwa pumzi kabla hajasema.

"Amekwisha kutoka kuja huku?"

"Amekwenda uwanja wa ndege, Mwalimu."

"Ulimwambia nilikuja?"

"Nilimwambia. Hakuamini. Alikiona kistari bado kipo, akasema hukuja."

Nilisikia jogoo upande wake, na mlango unaogonga kwa upepo kwa sababu umeachwa wazi.

"Kumbe ningekibandua tu," akasema, akakata simu.